Mguu wa Kushoto wa Bisun Deo

Munsami Naidu mwana wa Appalsami, yeye ndiye anayekoroga yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, na karani wa mizani humwandika Munswami kila msimu nami kila msimu humsahihisha kimoyomoyo, kisha Tahir Buksh, kuume kwa beseni, msokoto wa tumbaku mdomoni, maneno hayamwishi, kisha Jone Ravutia wa Nailaga, ameegemea gurudumu, macho ameyafumba lakini masikio hajayafumba, kisha mimi, Hirday Lal mwana wa Sukhai, mwenye miwa iliyo juu ya lori la Munsami, na mbele yangu, ng'ambo ya beseni, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mguu nitamgusa, Bisun Deo mwana wa Mahabir... watano, chini ya turubai lililofungwa kati ya malori mawili, na foleni haisogei, haijasogea tangu tulipokula, malori mbele mpaka kwenye lango la kiwanda cha sukari na malori nyuma mpaka darajani, na mimi nimekuja kukaa hapa kama ninavyokuja kila zamu ya genge letu la wakulima wa miwa, ingawa mzee wa umri wangu hana kazi kwenye foleni, miwa hufika mizani bila mwenyewe, mke wangu Phulmati aliniambia asubuhi, baba Jainendra, unakwenda tena kula vumbi la watu, nikamwambia nakwenda kuangalia mzigo, alinifungia roti na mbilingani kwenye kitambaa akanipa bila kunitazama, anajua ni mzigo gani ninaouangalia.

Nakuja ili anione. Basi. Ndicho kisasi nilicho nacho mpaka leo, kidogo, cha mtu asiye na bunduki wala wakili, kwamba kila akipokea kifuu cha yaqona, akapiga kofi lake moja la desturi, akainua kichwa kumeza, akishusha kichwa ananikuta mimi, uso huu, na Jainendra alikuwa na uso huu, pua hii, nyusi hizi zilizokutana, kila mtu wa Vatulaulau husema hivyo, kwa hiyo Bisun Deo hunywa akitazamwa na watu wawili, na hanywi vizuri, nimeona, hunywa haraka kama mtu anayekunywa dawa, na mimi husema moyoni, kunywa, kunywa tena, foleni ni ndefu... "Mzee Lal, yako hii," Munsami ananiambia, nanyoosha mkono, napiga kofi, nakunywa, chungu, ulimi unakufa ganzi kidogo, napiga makofi matatu, namrudishia kifuu, na macho yangu hayajatoka pale yalipo.

Hayajatoka kwenye mguu wake. Amekaa amekunja wa kuume na kuunyoosha wa kushoto, pekupeku, sote tuko pekupeku, hakuna dereva wa miwa anayeendesha na viatu, nyayo zina sugu, zina masizi ya mashamba yaliyochomwa, lakini mguu ule wa kushoto mimi naujua kuliko mama yake alivyoujua, miaka miwili nimeutazama, maana mguu wa kushoto wa dereva wa lori una kazi mbili tu, klachi, na kile kidude cha chuma kinachotokeza sakafuni kushoto kwa klachi, kidogo kama kizibo cha chupa, swichi ya taa, unaikanyaga, inalia tak, taa za fulu zinashuka, unaikanyaga tena, tak, zinapanda, hakuna elimu pale, mtoto anaweza, na huyu bwana aliyekaa mbele yangu hakuinua mguu. Kidole gumba kingetosha. Na sheria ya barabara hii ya miwa, ambayo haikuandikwa na serikali yoyote bali kila dereva wa hapa anaijua kabla ya kujua sala, ni kwamba mwenye mzigo mkubwa hushusha taa kwanza, kwa sababu lori lililojaa miwa huinua pua, mkia unalemewa na pua inainuka, na taa zake zikiwa fulu hazimuliki barabara, humulika macho ya watu, humulika minazi, mwenyewe aliye ndani haoni tofauti sana kati ya fulu na za chini, mbele yake ni giza tu, lakini anayekuja anapofuka, kwa hiyo unashusha, kwa heshima, kama unavyomvulia mtu kofia, na Bisun Deo hakumvulia mwanangu kofia.

Jainendra alikuwa anatoka mjini Ba kutazama mpira, kwa pikipiki, ndio kwanza giza lilikuwa limeingia, Phulmati alikuwa bado anasukuma roti, lori likapanda kile kimlima cha Vatulaulau na taa zake zote, Ram Kali mke wa Gyan Datt alikuwa kando ya barabara anaswaga mbuzi wake, yeye ndiye aliyeona, akasimama mahakamani na shela yake kichwani akasema, taa hazikushuka, bwana, zilimkodolea yule mtoto mpaka akaacha njia, na mwanangu akaingia kwenye ukingo wa kalvati, ule mfereji wa zege chini ya barabara, na lori halikumgusa. Halikumgusa. Neno hilo lilirudiwa mara nyingi pale ndani, lilipendwa sana, lori halikumgusa marehemu, na fundi wa polisi akasema swichi ni nzima, aliibonyeza kwa mkono wake mbele ya ngazi za mahakama, tak, tak, sote tuliona, na mimi nilifurahi, nilidhani sasa amekwisha, swichi ni nzima basi mguu ndio haukutaka, lakini hakimu hakuifuata njia hiyo, alimwuliza tu, ulishusha taa, na Bisun Deo akasema, nilibonyeza, mheshimiwa, nilibonyeza nikashangaa mbona yule kijana anayumba. Alisema hivyo. Nilibonyeza. Mikono imeshika kizimba, uso mkavu, na hakimu akasema ni bahati mbaya, akafunga kitabu, tukatoka nje kwenye jua, na Phulmati akaniuliza, kwani amesema nini, maana Kiingereza hajui, na mimi, niliyesomeshwa Kiingereza kwa fimbo na walimu wa serikali, nikatafsiri, amesema uongo, nikamwambia, amesema uongo na wamemwamini.

Nilijua ni uongo kwa sababu mimi nilikuwepo mwezi ule, kabla ya ajali, genge lilipopiga kura, nilikaa mstari wa mbele, miwa yote ya genge ikaondolewa kwenye lori la Bisun Deo ikapewa la Munsami, na ikaamuliwa Jainendra awe dereva wa pili, na Bisun Deo akasimama akajipangusa vumbi la kiti akasema mbele ya watu, haya, mtoto wa Lal, tutaonana barabarani. Watu walicheka. Tahir alicheka kuliko wote. Tutaonana barabarani. Wakaonana.

"...mkaguzi mpya," Munsami anasema, "wa kutoka Suva, Livai Nabuka, yuko lori la nne kutoka hapa, amemzuia Suruj kwa taa ya breki." "Taa ya breki!" Tahir anasema, "mimi breki zenyewe sina, sembuse taa zake, mimi nikifika mteremkoni nasoma dua na Mungu anakanyaga." "Siku Mungu amechoka?" Jone anauliza bila kufumbua macho. "Siku hiyo nitakupa wewe usukani, Jone, maana wewe hata ukilala huendi mbali." Wanacheka. Bisun Deo anacheka. Kicheko chake kina kikohozi mwishoni, nakijua, nimewahi kukiota, nimeota nikikizima kama unavyozima mshumaa kwa vidole... Tahir anapitisha peremende za kuondoa uchungu wa yaqona, kila mtu anachukua, Bisun Deo anasukuma mkono wake. "We kaka, siku hizi hata peremende hutaki?" "Meno," Bisun Deo anasema. "Meno! Mtu amebeba sukari ya taifa zima mgongoni, anaogopa peremende moja!" "Tahir, nyamaza, kunywa." Meno, anasema, na mimi nasema moyoni, na yakutoke yote, ubaki unanyonya wali kama mtoto, mkeo akutafunie, na mwanao... hapana, mwanao simtaji, mtoto hana kosa, Jainendra pia hakuwa na kosa, kwa nini basi nisimtaje, kwa nini niwe mimi ndiye mwenye adabu.

Tahir bado anasema, mikono inapaa huku na huku, anamwigiza mkaguzi anavyotembea, tumbo mbele, kalamu sikioni, na kipande cha moto kinadondoka kwenye msokoto wake, kaa jekundu, linaanguka juu ya mguu wa kushoto wa Bisun Deo, hapo kati ya kidole gumba na cha pili, linakaa. Nimeliona. Mimi peke yangu. Linakaa na moshi mwembamba unapanda, namngoja aruke, nangoja kwa hamu, maumivu yake madogo kama hayo nayachukua, sina makuu, lakini haruki, anamtazama Tahir, anatabasamu, kaa linakula nywele za kidole na harufu inanifikia, harufu ya kwato za ng'ombe kwa mfua chuma, na yeye anatabasamu, na mimi sisemi kitu. Ungua. Sisemi. Ngozi inageuka rangi, inavimba ukingoni, ungua, taratibu, mbele yangu, nimekuwa mtu wa namna gani na sijali, mwalimu wangu mmoja alitufundisha kwamba muungwana hutoa onyo, basi mimi si muungwana, ungua... "Bwana! Unaungua!" Jone anafumbua macho na kulipiga kaa kwa kofi. Na Bisun Deo anautazama mguu wake. Anautazama kwanza. Kisha anaukumbatia na kupiga kelele, "Ai! Ai! Tahir, mshenzi wewe, umenichoma!" na wote wanacheka, Tahir anaomba radhi huku akicheka, Munsami anamwagia maji ya yaqona, dawa hiyo, anasema, ganzi hiyo, na mimi peke yangu sicheki, kwa sababu nilikiona kitambo kile, kati ya macho na kelele, mtu aliyeungua hupiga kelele kabla hajatazama, huyu alitazama akapata habari kisha akapiga kelele.

Mguu ule haupo. Uko pale, una vidole vitano, lakini haupo. Kisukari. Ninaujua, kaka yangu Budhram mwana wa Sukhai alianza hivyo, aliingia nyumbani na msumari mguuni bila kuusikia, mama akaona damu sakafuni, na hospitali ya Lautoka ikakata chini ya goti. Meno, anasema. Meno! Anaficha. Wote wenye ugonjwa huo hapa huficha, maana leseni ya lori inakwenda, na lori linakwenda na leseni, na benki inafuata lori, na shamba linafuata benki, na mtu anabaki kukaa barazani anafukuza kuku... na moyo wangu unaanza kupiga kwa nguvu, mzee mimi, kama moyo wa bwana harusi, kwa sababu nimempata. Miaka miwili natafuta mahali pa kumshika na amenionyesha mwenyewe, ameunyoosha mbele yangu. Mkaguzi sasa amefika lori la pili. Neno moja tu. Madereva hawasemani kwa mkaguzi, hilo najua, ni mwiko, lakini mimi si dereva, mimi ni baba, mimi mwiko wangu uko ndani ya kalvati. Nitamwona akishuka kwenye lori lile kwa mara ya mwisho. Nitamwona akipita nyumbani kwangu kwa miguu, anachechemea, na mimi nitakuwa barazani, sitasema kitu, nitamtazama, na Phulmati ataleta chai nitainywa ikiwa moto.

"Bula, bula," mkaguzi anatusalimu, tunasimama nusu, tunakaa, Livai Nabuka, kijana mpana, soksi zimevutwa mpaka magotini, anakataa kifuu kwa heshima, anaanza na lori la Munsami, breki, honi, taa, anamaliza. "Hili la nani?" "Langu, bwana mkubwa," Bisun Deo anasema, anainuka, anachechemea ili sote tuone ameungua, Tahir anasema, "Bwana mkubwa, mwonee huruma, ameshambuliwa na tumbaku," mkaguzi anacheka, anasimama mbele ya lori, mkono juu ya boneti. Bisun Deo anapanda, mlango anauacha wazi, na mimi nilipo namwona kuanzia goti kushuka. "Washa taa. Fulu. Vizuri. Shusha." Bisun Deo anainama, anatazama sakafuni, anauweka mguu kwa macho kama mtu anavyoweka yai kwenye kiota, tak. "Vizuri," mkaguzi anasema, na kalamu inatoka sikioni, na mimi nimesimama. Sikumbuki kusimama. Nimesimama na ninasema, kwa kile Kiingereza changu cha shule, kila neno mahali pake, "Bwana Nabuka, tafadhali, mwambie afanye tena, akitazama mbele. Usiku dereva hatazami sakafu."

Mkono wa Munsami umesimama ndani ya beseni. "Mzee Lal," Tahir anasema polepole, kwa lugha yetu, na hakuna mchezo tena sautini, "mzee, we vipi? Huyu ni mtu wetu." Mtu wenu. Mkaguzi ananitazama, anamtazama Bisun Deo, anaona kitu, si mjinga yule kijana. "Fanya hivyo," anasema. "Rudisha fulu kwanza. Sasa nitazame mimi usoni. Usiondoe macho. Shusha." Na mguu unainuka. Naona kila kitu. Unainuka kutoka klachi, unakwenda kushoto, unashuka, kwa nguvu, kwa uhakika wote, juu ya bati tupu, upana wa vidole viwili kando ya swichi, bati linalia du, na taa za fulu bado zinatazama matako ya lori la mbele mchana kweupe. "Shusha," mkaguzi anasema. "Nimebonyeza," Bisun Deo anasema. "Bado." Mguu unainuka, unashuka palepale, du. "Nimebonyeza, bwana mkubwa." "Ndugu yangu, taa ziko juu." "Lakini nimebonyeza!" na anageuza uso, hamgeukii mkaguzi, ananigeukia mimi, mimi niliyemfanyia hivi, ananiuliza kwa macho kama mtu anavyomwuliza mwenzake njiani, kwani kuna nini, wewe unaona, niambie, na jasho liko juu ya mdomo wake, na uso ule ninaujua, ni uso wa kizimbani, mkavu, mikono imeshika usukani kama ilivyoshika kizimba, na si uso wa mwongo.

Alibonyeza. Kwa kadiri ya alichokijua mguu wake, alibonyeza. Pale juu ya kilima, pua ya lori mbinguni, mbele giza tu, akakanyaga bati, akaamini, akashangaa mbona yule kijana anayumba... hapana. Hapana, nakataa, ngoja, nimtafute tena, alikuwa hapa sasa hivi, yule aliyesema tutaonana barabarani, yule aliyekaa ndani ya lori akitabasamu gizani na mguu ameukunja kwa makusudi, mimi namjua, nimeishi naye, nimekula naye, ndiye aliyeniamsha alfajiri na ndiye aliyenipeleka foleni, miaka miwili sikuwa na mgeni mwingine, na sasa namwita na haji, aliyeko ni mtu mgonjwa aliye na kidonda kipya kati ya vidole. Basi nimchukie huyu. Aliendesha na mguu uliokufa, si hilo linatosha, linatosha kabisa, mbele ya hakimu yeyote lingetosha, lakini alijua lini, je siku ile alikuwa anajua, Budhram hakujua mpaka mama alipoona damu, nalikwaruza hili neno, nalikwaruza tena kama kiberiti kilicholowa, halishiki, harufu tu. Nilimwambia Phulmati amesema uongo. Nilimpa hilo badala ya mtoto. Kila usiku tulilala, kati yetu kuna yule mwongo, tukimwogesha kwa laana, tukimlisha, na tulipokuwa na kazi hiyo hatukuwa na haja ya kwenda mpaka mwisho wa barabara, kule kwenye kalvati, kuangalia kilichoko.

Hakuna aliyesogea. Turubai linapigapiga. Munsami hajakijaza tena kifuu, na najua kikijazwa kitanipita, leo na kila zamu, Tahir ananitazama kama mtu asiyenijua jina, na Bisun Deo bado yuko juu, taa zake bado ziko juu, anakanyaga kwa mguu pole pole sasa, huku na huku, anaitafuta swichi bila kutazama, kwa sababu hajaambiwa aache kumtazama mkaguzi, du, du, na mkaguzi amenijia karibu, ameinama, sauti ameishusha kwa heshima ya mvi zangu, "Mzee," anasema, "ulijuaje? Kuna mtu aliumia?" na ninafungua mdomo, jibu ninalo tangu miaka miwili, nimelinoa, lina jina la Bisun Deo mwana wa Mahabir mbele na jina la mwanangu nyuma, na la mbele halitoki, limeondoka, limebaki la nyuma peke yake, na ninalisikia likisemwa, kwa sauti ya mtu anayeleta habari, na mimi ni miongoni mwa wanaoisikia sasa hivi, chini ya turubai, kwa mara ya kwanza.

Jainendra Lal mwana wa Hirday Lal amekufa.